Moyo ninao, nifundishe kupima dagaa

Kigoma siku hizi semina za biashara zimekuwa nyingi kweli, mara unakuta bango pale Mwanga, mara gari la matangazo linapita na spika juu, njoo ujue siri za utajiri, njoo ubadilishe fikra, cheti utapewa. Mi sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki yake kwa kuongea, ila nina dukuduku la muda mrefu na leo nalitoa lote, kwa sababu naona wadogo zangu wanakopa hela ya kiingilio, wanaenda, wanarudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, macho yanawaka, wana ari mpaka unawaonea raha, alafu ukiwauliza kilo moja ya dagaa imekufikia kwa shilingi ngapi hawana jibu.

Nilishaendaga moja, kwenye ukumbi mmoja hapahapa mjini. Yule bwana anajua kuongea jamani, hilo nampa. Tukaambiwa mgeukie jirani yako mwambie wewe ni milionea, tukageukiana tukaambiana. Tukasimuliwa habari za matajiri wa Marekani walioanzia gereji, watu wakatoa machozi kabisa. Sasa pembeni yangu alikaa dada mmoja anauza mawese kwa madumu ya lita 20, anapeleka Dodoma, akanyoosha mkono akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ndo lilikuwa swali zuri kuliko yote siku ile. Akasema mawese yangu yakifika kule msimu wa baridi yanaganda, wateja wananiambia nimechanganya na kitu, wanataka niwapunguzie bei, nifanyeje?

Akajibiwa, dada, tatizo lako siyo mawese, tatizo lako ni mtazamo. Ukumbi mzima makofi.

Mi iliniuma sana ile. Maana yule dada kaacha kibanda chake, kalipa hela, kaja na shida ya kweli yenye mguu na mkono, na jibu lipo, mama yeyote anayeuza mawese Mwanga sokoni angempa hapohapo bila hata kunyanyuka kwenye stuli. Mawese yanagandaga kwenye baridi, ndo asili yake, wala siyo dalili kwamba yamechanganywa. Unamwambia mteja mapema kabla mzigo haujaondoka, unamfundisha achovye dumu kwenye maji ya moto mpaka yalainike, alafu atikise ndo amimine, na kama anauza rejareja asipime yakiwa yameganda nusunusu, maana itashuka ile nyepesi ya juu peke yake na nzito itabaki chini, mteja wa kwanza na wa mwisho watapata vitu viwili tofauti kwenye dumu moja. Na bei hushushi. Dakika mbili tu hizo, ila kwake zilikuwa na thamani kuliko siku nzima ya kushangilia.

Mi biashara nimefundishwa na shangazi yangu, Kibirizi, mwaloni. Shangazi siyo mtu wa maneno matamu. Sijawahi kumsikia akiniambia wewe unaweza, au utafika mbali, hata siku moja. Jioni nikirudi swali lake ni moja, umeuza kilo ngapi, umebaki na ngapi, hela iko wapi. Ukimjibu shangazi leo biashara imeenda vizuri anakutazama tu anasubiri, maana kwake hilo siyo jibu, vizuri ni shilingi ngapi? Na ukitaja namba anakwambia nionyeshe, siyo kwamba hakuamini, ila anataka umwage hela mezani uhesabu mbele yake.

Kitu cha kwanza alichonipa ni kopo na mzani. Huku wengi tunanunua mzigo kwa kilo alafu rejareja tunauza kwa kopo au kwa sado, sasa hapo katikati ndo hela inapopoteaga bila mtu kuiba. Akaniambia jaza kopo, pima, andika. Mwaga. Jaza tena, pima, andika. Akaleta dagaa wadogo, akaleta wakubwa, akaleta waliokauka sawasawa na wengine wana unyevu bado, kila aina nijaze nipime niandike. Asubuhi nzima hiyo na jua la Kibirizi mnalijua. Nikamwambia shangazi nimeelewa, akasema sijakuuliza kama umeelewa, nimekwambia upime. Mpaka mwisho mkono wenyewe ukawa unajua, nikishika kopo najua hili limebeba kiasi gani kabla sijaliweka kwenye mzani, na najua nikinunua aina fulani kwa kilo nikauza kwa kopo natoka na ngapi, na aina nyingine nisiiguse kabisa kwa bei ileile.

Alafu kuangalia mzigo. Dagaa aliyekauka vizuri ukimkunja anavunjika, mwenye maji anapinda, na yule mwenye maji anakuwa mzito, kwa hiyo ukinunua kwa kilo unalipia maji ambayo kesho kutwa yatakuwa yameondoka na jua na hela yako imeondoka nayo. Aliyeanikwa chini kwenye mchanga ukimtafuna unasikia kwenye meno, aliyeanikwa kwenye kichanja humsikii kitu, na huyo ndo wa kumpeleka mbali maana mteja wa mjini akila mchanga mara moja harudi. Shangazi alinilisha dagaa wakavu mpaka ulimi ukachoka, hana huruma kwenye hilo. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, ndo anavyosema, juu kila mtu anapanga wazuri.

Sasa nije kwenye hesabu, na hapa naomba msikimbie, mchukue kalamu. Natumia namba nyepesi, siyo bei ya leo, bei ya dagaa inabadilika wewe ukiwa umelala.

Tuseme umenunua kilo 100 kwa 12,000, hiyo ni 1,200,000. Unaenda kuuza mkoani kwa 15,000 kwa kilo. Kichwa cha mtu aliyetoka semina kinasema hapo faida 3,000 kila kilo, mara 100, laki tatu, natoboa. Shangazi anakwambia kaa chini. Umechekecha? Ukichekecha chenga na mchanga vinatoka, tuseme kilo 6, kwa hiyo wa kuuza unabaki na kilo 94 ila hela umelipia 100. Viroba na kufunga 10,000. Boda mpaka stendi 10,000. Mzigo kwenye basi 30,000. Ushuru 10,000. Wa kushusha na kubeba kule 10,000. Alafu wewe mwenyewe, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, weka 120,000 na hapo umejibana. Jumla ya hayo ni 190,000. Jumlisha na mzigo, 1,390,000. Gawa kwa kilo 94, kilo moja imekufikia kwa 14,787 na ushee. Unauza 15,000. Kilo zote 94 zikiisha, hakuna aliyekukopa hakuna aliyekupunja, una 1,410,000 mkononi, toa gharama, faida yako ni elfu ishirini.

Elfu ishirini! Kwa safari nzima ya kulala kwenye basi na kukaa kwenye jua la watu. Na usipoandika wala hujui kwamba ni elfu ishirini, kwa sababu mkononi unaona milioni na laki nne, unajisikia tajiri, unapitia dukani unamnunulia mtoto viatu, unarudi Kigoma mtaji umepungua na huelewi umepungukia wapi, unaanza kusema umelogwa. Nimewaona watu wa hivo wengi na hakuna aliyewaloga.

Hapo ndo shangazi anapoanza kufundisha sasa, maana hesabu ikishakaa mezani maswali yanakuja yenyewe. Ile 120,000 yako ni ileile uwe umebeba kilo 100 au 300, sasa kwa nini unasafiri na 100? Huwezi kuungana na mwenzako akapeleka mmoja? Huwezi kumtumia mtu unayemwamini mzigo kwa basi ukabaki huku? Na zile chenga kilo 6 kwa nini hazikuchekechwa kabla ya kupimwa, ukamlipa muuzaji dagaa peke yake? Ukipanga hivo tu, biashara ileile, bei ileile, inageuka. Na ukishajua hayo ujasiri unakujia tu, huhitaji mtu akupigie kelele asubuhi, unaenda kwa muuzaji unamwambia chekecha kwanza ndo tupime, na sauti haitetemeki, kwa sababu unajua kila kilo ya mchanga ni 12,000 yako.

Na mwezi. Watu wa ziwani wanajua ila wageni hawajui. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote jeupe, taa haivuti, wavuvi wengi wanapumzika, mzigo unakuwa mchache na bei inapanda. Giza likirudi mitumbwi inatoka, mzigo unamwagika mwaloni, bei inashuka. Sasa kuna mtu anatoka semina Ijumaa amewaka moto, Jumamosi anakuja Kibirizi na mtaji wake wote ananunua, mwezi uko juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwambia. Shangazi yeye kalenda yake ya ukutani amezungushia kalamu siku za mwezi mzima mwaka wote, hela ya mzigo anaifunga kwenye pembe ya khanga, hela ya kula iko kwenye pochi, na hizo mbili hazikutani.

Nikiandika hivi najua kuna watu watasema basi ukali ndo dawa, vijana wa sasa wadekezwe wa nini, wapigwe tu matusi watajifunza. Hapana. Hapo sikubali na nataka nieleweke vizuri. Kuna tajiri mmoja wa mzigo simtaji, ana vijana wanamfanyia kazi, yule matusi ni chakula chake, anawafokea mbele za watu, anawaita majina, na vijana wale wamekaa naye muda mrefu tu ila hakuna hata mmoja anayejua mzigo unanunuliwa kwa ngapi na unauzwa kwa ngapi, kwa sababu bei anaificha, daftari analifungia. Wanachojua ni kubeba na kuogopa. Siku akiwafukuza wanatoka na nguvu za mgongo tu. Huo siyo ufundishaji mgumu, ni unyanyasaji na ni kujilinda asipate mshindani.

Shangazi alinifokea mara ngapi sijui, ila daftari lake lilikuwa wazi mbele yangu toka siku ya kwanza. Alinionyesha hasara zake za zamani, mzigo uliooza masika akiwa ameuanika na mvua ikamkuta, watu waliomkopa wakapotea, kiasi kwa kiasi kimeandikwa. Hakuwahi kunitukana mimi, alikuwa anafokea kazi. Hii rudia, hii umeandika kwa haraka, huyu mteja umempa mkopo bila kumuuliza analipa lini. Na ukirekebisha hasemi kitu, anaendelea na lingine, nikajifunza kwamba kunyamaza kwake ndo maksi. Kwa hiyo mi nikimtazama mwalimu mkali siangalii sauti yake iko juu kiasi gani, naangalia kama amefungua daftari lake. Mpole anayefungua daftari pia yupo, na huyo hamna shida, mfuate.

Kuna kitu lazima nikiweke maana watu wa hamasa wananijibuga nacho na wana haki. Kule Togo, mjini Lomé, watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wakawagawa makundi matatu. Kundi moja wakafundishwa masomo ya kawaida ya biashara, hesabu, masoko na mengineyo. Kundi la pili wakafundishwa kujituma, kuona fursa, kuanzisha jambo bila kusubiri mtu, kutokata tamaa. La tatu halikufundishwa. Matokeo yakatoka 2017, kundi la kujituma faida zao zilipanda kwa asilimia 30, la hesabu asilimia 11, na hiyo 11 kitakwimu haikutosha hata kusema kwa uhakika kwamba mafunzo ndo yaliyoileta. Kwa hiyo wanasema unaona, mtazamo umeshinda daftari.

Mi nasema tusome vizuri walifanya nini. Hawakukaa ukumbini siku moja wakaambiana ni mamilionea. Walikuwa darasani nusu siku kwa wiki kadhaa, kila mmoja anafanyia mazoezi biashara yake mwenyewe, na wakishamaliza mwalimu akawa anawafuata kwenye biashara zao kila mwezi kwa miezi minne. Anakuja dukani kwako, anauliza ulisema utafanya hili, umefanya? Jamani, huyo si shangazi huyo? Hata kujituma kumbe kunafundishwa kwa kutumwa kazi na kukaguliwa. Na lile kundi la hesabu kutofika mbali mbona silishangai, nimeona mama muuza migebuka anaandikishwa debiti na krediti kwenye karatasi ya mfano wa kampuni ya viatu, anarudi nyumbani karatasi inafungia maandazi. Hesabu inaingia ukiifanyia kwenye samaki wako na hela yako inauma.

2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapumzike wazaliane, hapo ndo niliona tofauti kwa macho. Hakuna uvuvi, mwalo kimya. Wengi walichanganyikiwa, na mi siwalaumu, ni kipindi kigumu ukiwa na watoto wanasoma. Ila waliokuwa wanaandika walijua kabla: kwa mwezi natoa magunia kadhaa, mteja wangu wa kudumu ni fulani na fulani, nikihifadhi kiasi hiki kikavu vizuri nitafika mpaka lini, na hela ya kula miezi mitatu ni shilingi ngapi. Shangazi aliweka mzigo wa kiasi, mtaji uliobaki akauhamishia kwenye mawese mpaka ziwa lilipofunguliwa. Hakuna aliyempa moyo, alikaa na daftari la miaka ya nyuma akapiga hesabu usiku mmoja, asubuhi akaanza.

Sasa hamasa haina kazi? Inayo. Kuna siku mzigo umeharibika, mwenzako amekuzulumu, umechoka, hapo neno la mtu linakunyanyua kweli, na mi kuna mahubiri nayasikiliza kwenye simu nikiwa safarini, yananisaidia. Ila kwa mtu ambaye ameshashika kazi. Kumpa moyo mtu asiyejua kupima ni kumpeleka haraka zaidi kwenye hasara, na akianguka anaambiwa hukuamini vya kutosha, kosa ni lake. Hilo ndo linaniudhi kuliko yote, kwamba yule wa ukumbini hapatagi hasara hata siku moja, mwanafunzi akifaulu ni semina, akifeli ni mtazamo.

Kwa hiyo mdogo wangu ukitaka kulipia mafunzo, na yapo mazuri, SIDO mathalani, lile shirika la viwanda vidogo, wanafundisha watu kutengeneza sabuni kwa mikono, unapima, unakoroga, ikiharibika unaiona, uliza kwanza kabla hujatoa hela. Anayefundisha amewahi kuuza hiki kitu? Nitafanya nini kwa mikono yangu nikiwa hapo? Atakuja kuniona baada ya mwezi? Atatazama hesabu zangu? Na vikundi vya kinamama na vijana mnaosubiri ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ombeni mfundishwe na mtu wa biashara yenu, anayeuza mnachouza, mkae naye kwenye kibanda chake wiki nzima, msikubali tu siku moja ya soda na maji ya chupa. Mkopo ukiingia kwa mtu asiyejua kilo imemfikia kwa ngapi unaisha na deni linabaki, mnalipiana kikundi kizima.

Mimi sasa hivi nina binti mmoja namfundisha, mtoto wa jirani yetu Ujiji, ana akili sana na ana haraka sana. Ameshapima makopo mpaka amenichukia. Juzi aliniambia dada mbona hunisifiagi, nikamwambia lete daftari, akaleta, nikakuta ameandika mpaka hela ya maji ya kunywa njiani, nikageuza ukurasa tukaendelea na wateja wanaodaiwa. Mwezi uko kwenye kupungua, wiki ijayo mzigo utaanza kumwagika mwaloni, yeye ndo atakayeongea na wauzaji na kusema bei, mi nitashika kalamu.